Sarafu za mtandaoni nazo zina feki? Tupeane uzoefu

Mzee wa Bureau
Assalaam alaykum wadau. Sisi tuliokaa duka la kubadilisha fedha Mji Mkongwe, dola 100 feki haitusumbui. Ule utepe wa buluu umefumwa ndani ya karatasi. Iinamishe noti, kengele zinageuka kuwa 100. Sasa wateja wanakuja na USDT, ile sarafu ya mtandaoni ya kampuni ya Tether iliyofungwa kwa thamani ya dola. Hii naipapasa wapi? Aliyekutana na feki aeleze.

Bin Mlandege
Mimi nauza simu. Kuna mmoja alinilipa USDT, ikaingia kwenye pochi yangu ya mtandaoni, jina lile lile na nembo ile ile ya kijani. Nikafungua anuani ya mkataba, zile herufi na namba zinazoitambulisha sarafu. USDT ya Tether kwenye Tron, mmoja wa mitandao inayoibeba, inaanzia TR7NHq, yake inaanzia vyengine kabisa. Kumbe yeyote anaweza kutengeneza tokeni, yaani sarafu juu ya mtandao uliopo, akaiita atakavyo, mtandao haumzuii. Nilipomuuliza, akasema anafuata keshi kwenye gari. Mpaka leo yuko njiani.

Yakhe wa Wete
Linganisha anuani nzima, matapeli wanajua watu husoma mwanzo tu. Lakini hapo lililoghushiwa ni jina. Bitcoin yenyewe huichapi: daftari la miamala yote (blokucheni) ni moja na nakala zake ziko kwenye maelfu ya kompyuta. Ukijiandikia kumi za bure, wenzako wanatazama zimetoka wapi, hawaoni, wanazikataa. Kikomo ni milioni 21.

Ila asikudanganye mtu kwamba haijawahi kutokea. Agosti 2010 programu ilikuwa na kasoro, mtu akajizalishia Bitcoin zaidi ya bilioni 184 kwa muamala mmoja. Ikagundulika, programu ikarekebishwa ndani ya masaa, na ule muamala ukafutwa kwenye daftari.

Mzee wa Bureau
Na mtu akilipa sarafu ile ile mara mbili?

Yakhe wa Wete
Kwa mitandao midogo yametokea. Bitcoin Gold, tawi lililojitenga na Bitcoin, Mei 2018: aliyeshika zaidi ya nusu ya nguvu za kompyuta zinazoandika daftari lake aliuza sarafu zake, akachukua mali, kisha akaandika upya kurasa za mwisho za daftari kana kwamba hakuuza.

Bi Chake
Nyinyi mnazungumzia tokeni, huku kwetu hata tokeni haikuwepo. Kikundi cha WhatsApp, na programu inayoonyesha salio likipanda kila asubuhi. Jirani yangu kaweka fedha za karafuu. Alipotaka kutoa, akaambiwa kwanza alipe “kodi”. Nikamwambia awaombe namba ya muamala tuutafute kwenye daftari, maana liko wazi kwa kila mtu. Wakamtoa kwenye kikundi. OneCoin nayo, iliyojidai ni sarafu ya mtandaoni na kuanza 2014, ilikusanya mabilioni ya dola bila blokucheni ya kweli nyuma yake. Kwangu mimi hiyo ndiyo feki kubwa kuliko zote, na hakuna utepe wa kuinamisha.

Bin Mlandege
Yakhe, mteja akinilipa Bitcoin, nimpe simu baada ya muda gani?

Yakhe wa Wete
Wengi husubiri thibitisho sita, yaani kurasa sita za daftari kuanzia ule wenye muamala wako, kama saa nzima. Mwagizie kahawa.