Naomba ushauri: nifundisheje saikolojia ya Gestalt?

Wakuu, habari. Nafundisha saikolojia chuo cha ualimu na wiki ijayo nafika kwenye Gestalt, yaani mtazamo kwamba akili huona vitu kama umbo zima, si vipande vipande. Historia naimudu: mwaka 1912 mwanasaikolojia Wertheimer, akisaidiwa na wenzake Köhler na Koffka kule Frankfurt, Ujerumani, alieleza jinsi mistari miwili inayoonyeshwa kwa kupokezana haraka inavyofanya jicho lione mwendo usiokuwepo. Nakwama kwenye kiini chenyewe. Wanachuo wanakariri kwamba kitu kizima ni zaidi ya jumla ya sehemu zake, ilhali Koffka alisisitiza ni tofauti, si zaidi. Nimewaza kuanza na wimbo: ukiimbwa kwa ufunguo wa juu zaidi, noti zote hubadilika lakini wimbo ni uleule. Ni mfano wa mwanafalsafa Ehrenfels wa 1890, naupenda sana. Mliowahi kuifundisha mada hii, je, wanauelewa?