Jeli ya floridi inaweza kuharibu meno ya kauri?

SubiraNjema

Wakuu habari zenu. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa meno.

Nilitibiwa kwa mionzi ya shingo, na tangu hapo mdomo wangu ni mkavu kiasi kwamba simezi chakula bila maji. Niliambiwa mdomo mkavu huozesha meno upesi, nikatengenezewa trei za plastiki na kupewa jeli ya floridi nijaze humo na kuzivaa kila usiku kabla ya kulala. Nimefuata bila kukosa, na meno yangu mwenyewe hayajatoboka hata moja, namshukuru Mungu.

Shida ni meno ya mbele ya juu, ambayo yalivishwa kofia za kauri kabla sijaugua. Zamani yaling'aa vizuri mno. Sasa nikipitisha ulimi nasikia mkwaruzo, hasa karibu na fizi, na nikiyakausha kwa kitambaa naona yamefifia. Chai inaacha rangi ambayo mswaki hauitoi. Niliporudi kliniki niliambiwa floridi haiwezi kudhuru kauri kwa sababu kauri haiozi. Ni kweli? Niache jeli?

FundiKauri

Pole sana kwa uliyopitia, na hongera kwa kushika masharti. Mimi si daktari, ni fundi wa maabara ya meno. Kofia kama zako ndizo kazi ya mikono yangu. Nitasema ninalolijua, ya dawa nawaachia madaktari.

Ni kweli kauri haiozi. Lakini inaweza kuliwa na asidi, na hilo ni jambo jingine kabisa. Kauri nyingi za meno ya mbele zina kioo ndani yake, na msingi wa kioo ni silika. Inayokula silika ni asidi ya hidrofloriki, na sisi tunaitumia makusudi. Kofia ya lithiamu disiliketi, aina mojawapo ya kauri hizo zenye kioo, kabla ya kugandishwa kwenye jino, hupakwa asidi hiyo ya 5% upande wa ndani kwa sekunde 20. Ukiiosha na kuikausha, sehemu iliyokuwa inang'aa imegeuka nyeupe kama chaki. Ukiitazama kwa hadubini ni vishimo juu ya vishimo, na gundi hushikilia humo. Upande wa nje tunaulinda usiguswe hata na tone.

Sasa turudi kwenye jeli yako. Floridi isiyo na asidi haina ugomvi na kioo. Ila zipo jeli zinazochanganywa na asidi ya fosforiki, pH (kipimo cha asidi, kikishuka chini ya 7 asidi inazidi) inashuka hadi 3.5 hivi, na hapo sehemu ya ile floridi inageuka kuwa asidi ya hidrofloriki. Ni dhaifu kuliko ya maabara, sawa, lakini wewe unaivaa kila usiku na huna mate ya kuizimua.

Kinachotangulia kuliwa ni ganda jembamba la kioo tunalolichoma mwisho kabisa tanurini ili jino ling'ae. Linaloniuma zaidi ni kwamba rangi ndogondogo tunazipaka humohumo: umanjano wa shingoni mwa jino, ukijivu wa ncha, vile vistari vya ufa vinavyofanya jino lisionekane la kutengenezwa. Ganda likiondoka, nazo zinakwenda. Nimewahi kuletewa kofia niliyoitengeneza mwenyewe nikaitambua kwa umbo tu.

Soma kopo lako. Usiishie kwenye "sodiamu floridi 1.1%", maana kuna jeli mbili zenye namba hiyohiyo, moja ya asidi na moja isiyo ya asidi. Tafuta kama asidi ya fosforiki imetajwa kwenye viambato.

Kisiki

Naona tunatishana bure. Mimi hupakwa jeli ya asidi kliniki mara mbili kwa mwaka, na kofia ya gego langu iko vilevile.

FundiKauri

Mkuu Kisiki, sina sababu ya kukubishia, ila kofia za magego mara nyingi ni chuma au zirkonia tupu, yaani kauri nyeupe ngumu sana. Zirkonia haina kioo, kwa hiyo asidi hii haina cha kula. Ikiwa zirkonia imevikwa kauri juu, au imepakwa ganda la kung'arisha, hilo la juu linaliwa kama kawaida. Na dakika nne mara mbili kwa mwaka huwezi kuzilinganisha na kila usiku.

SubiraNjema

Nimesoma kopo. Asidi ya fosforiki imeandikwa. Basi naacha leo leo.

DaktariWaZamu

Tafadhali usiache floridi. Badilisha aina.

Kofia ni kauri, lakini ukingo wake umekalia jino lako mwenyewe, na kwa mtu asiye na mate uozo huanzia hapohapo kwenye ukingo na kwenye mizizi. Ukiacha kabisa unaweza kulipoteza jino lenyewe huku kofia ikiwa nzima.

Asidi iliwekwa kwa sababu ya msingi: enameli, lile ganda gumu la nje la jino, hunyonya floridi zaidi penye asidi, na jeli hizo zimetumika tangu miaka ya 1960. Kwa mwenye meno ya asili yasiyozibwa hazina neno. Kwako wewe, omba jeli ya sodiamu floridi 1.1% isiyo na asidi. Kiasi cha floridi ni kilekile, karibu sehemu 5,000 kwa milioni, na hata fizi zako kavu zitapata nafuu. Vanishi ya sodiamu floridi 5% inayopakwa kliniki nayo haina asidi. Ukipewa stanasi floridi, yaani floridi yenye bati, uliza kwanza, kwa sababu inaweza kuacha madoa.

Mkwaruzo usiuache hivyo. Sehemu yenye mikwaruzo hukusanya utando wa bakteria, na wewe huna nafasi ya kubeba bakteria zaidi. Hatuwezi kuirudisha kofia tanurini ikiwa mdomoni, lakini raba maalumu zenye almasi, kisha losheni ya almasi, hurudisha ulaini na mng'ao mwingi. Waangalie pia meno yaliyozibwa kwa rangi ya jino. Ule ujazo una chembe za kioo, nao huliwa na jeli ya asidi.

SubiraNjema

Asanteni sana, mmenitoa gizani. Usiku wa leo je, kabla sijapata jeli nyingine?

DaktariWaZamu

Piga mswaki kwa dawa yako ya kawaida yenye floridi, tema povu, usisukutue. Kesho wapigie simu wakubadilishie.

FundiKauri

Na ukienda kung'arishwa, omba daktari aulize maabara iliyotengeneza kofia zako kauri yake ni ya aina gani. Kumbukumbu huwa tunaweka. Kauri ya feldispa, ile ya kioo zaidi, ni dhaifu kuliko disiliketi, na daktari akijua mapema atachagua raba inayofaa. Kama ile rangi ya shingoni imeshaondoka, mwambie aipige picha kabla hajagusa kitu, ili siku ya kutengeneza nyingine fundi ajue pa kuanzia.