MD (udaktari), fizio au saikolojia kwa mwenye uoni hafifu, ipi afadhali?

Mwana_Chikongola
Wakuu habarini. Mdogo wangu kamaliza form six PCB (fizikia, kemia, baiolojia) hapa Mtwara, matokeo mazuri tu, tatizo macho. Ana retinaitisi pigmentosa, ugonjwa wa retina (pazia la nyuma ya jicho), mchana anatembea mwenyewe ila jua likizama mpaka umshike mkono, na pembeni haoni, bodaboda ikitokea ubavuni anashtukia imeshafika. Yeye anataka MD, mama anasema fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi na mikono), mzee anasema chochote mradi ajulishwe kabla minada ya korosho haijaanza. Mimi naona saikolojia. Nisaidieni.

Kisomo_Lindi
MD achana nayo. Miaka mitano, juu yake mwaka wa intern (mafunzo ya kazi hospitalini) na zamu za usiku, na usiku ndo haoni.

dr_wa_kusini
Kaka punguza. David Hartman alikuwa haoni kabisa, kamaliza udaktari Chuo Kikuu cha Temple kule Marekani 1976 akawa daktari wa magonjwa ya akili. Kabla yake Jacob Bolotin wa Chicago, kipofu wa kuzaliwa, daktari wa moyo na mapafu, kafariki 1924, enzi hizo kompyuta hata hazijulikani. Ila dogo ajue lazima apite kila idara, kushona, kuzalisha, theatre, na chuo kikubali kabisa nani atamsaidia hapo. Nilishaona intern mwenye macho mazima umeme umekatika, kang'ata tochi ya simu mdomoni anatafuta mistari ya bomba la sindano la mtoto, zile za ml 1. Kwa hiyo akienda MD aende akilenga magonjwa ya akili, upasuaji asahau.

fizio_mkoani
Mama yenu kaona mbali. Kazi yetu ni mikono, goti ukilikunja kiganja chenyewe kinakwambia linakwamia wapi. Japani wasioona wamefanya kazi za kukanda na tiba ya vijisindano (akupancha, si sindano za dawa) karne na karne. KCMC, hospitali ya rufaa kule Moshi, wanafundisha fizio, na kazi yenyewe zaidi ni ya mchana. Ubaya wake, mgonjwa wa kiharusi akianza kutembea lazima uone anavyokanyaga, halafu nafasi huku kwetu za kugombania.

Bi_Nachingwea
Mimi sioni kabisa nasoma kwa NVDA, programu ya kompyuta inayosoma maandishi kwa sauti, ya bure, inanisomea karibu kila kitu, shida ni notisi zilizoskaniwa kama picha, na vyuoni ndo zimejaa hizo. Saikolojia mnaitaja kama vile ndo pa kumtupia asiyeona, na haimpi ruhusa ya kuandika dawa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inasema mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea, asilimia 3 wawe wenye ulemavu, haya nendeni mkawahesabu maofisini. Mwenyewe mmemuuliza lakini?

Mwana_Chikongola
Kaulizwa dada. MD, akikosa fizio. Saikolojia hataki hata kuisikia 😂

dr_wa_kusini
Basi kabla hajajaza maombi mpelekeni kliniki ya macho apimwe upana wa kuona, apewe ripoti ya maandishi. Huo ugonjwa unabana polepole, kuna wanaobaki na uoni wa katikati mpaka utu uzima. Ripoti hiyo aende nayo chuoni mapema akaongee nao ana kwa ana, asisubiri wamgundue wodini mwaka wa tatu.

Kisomo_Lindi
Sawa, ila zamu za usiku mmezikwepa.

dr_wa_kusini
Hatujazikwepa, hilo ndo swali la kwanza la kuwauliza chuo.