Mama mkwe amefariki, watoto wanamjua mungu wetu Hanuman wa katuni tu. Naombeni ushauri

Mama_wa_Upanga

Habari za jioni ndugu zangu. Siku zote huwa nasoma tu kwenye jukwaa hili la malezi, leo naleta la kwangu maana linaninyima usingizi.

Mimi ni Mhindu. Nasema Mhindu, si Mhindi tu, kwa sababu wengi huchanganya. Wahindi wa hapa Dar wengine ni Waislamu, wengine Wakristo, wengine Wajaini. Sisi ni wa mahekalu ya mtaa wa Kisutu. Babu wa mume wangu alikuja kwa jahazi kutoka Porbandar, Gujarat. Sisi wawili tumezaliwa hapa, na watoto wetu pia, wa kiume miaka 8, wa kike miaka 5. Nyumbani tunaongea Kigujarati na Kiswahili, ila watoto wakigombana au wakiweweseka usiku ni Kiswahili kitupu.

Hadithi za dini zilikuwa za mama mkwe, ambaye nyumba nzima tulimwita Ba. Jioni akishawasha divo, ile taa ndogo ya samli, mbele ya sanamu ya mungu wetu Krishna, anakaa chini na ungo wa mchele, anachambua huku anasimulia. Vidole vinatafuta chuya na mawe, mdomo uko Ayodhya, mji wa Rama wa kwenye hadithi. Watoto wanasogea taratibu mpaka mmoja keshalalia goti lake. Sikuwahi kumsikia akiwaambia "njooni niwafundishe dini". Alikuwa anachambua mchele.

Ba alifariki mwaka jana, siku chache kabla ya Divali, sikukuu yetu ya taa. Mimi kazini natoka jioni, nafika nyumbani saa moja usiku, chakula hakijapikwa. Nikaanza kuwapa kishikwambi, nikijipa moyo kwamba si wanaangalia katuni za Krishna na za Hanuman, mungu wetu mwenye sura ya nyani, kuna ubaya gani.

Wiki iliyopita tuko kwenye aarti, ibada yetu ya taa na wimbo, nazungusha taa mbele ya Krishna, kijana wangu akaninong'oneza: "Mama, hii hairukwi?" Kama tangazo. Nilimaliza aarti mkono unatetemeka.

Baadaye nikamuuliza, Rama, yule mwana wa mfalme wa kwenye Ramayana, alikwenda msituni kwa nini? Akasema, kupigana na Ravana, yule mfalme wa mazimwi. Vichwa kumi vya Ravana anavijua, rangi ya mishale anaijua. Lakini Kaikeyi, mama wa kambo wa Rama, hamjui. Ile ahadi ambayo mfalme Dasharatha, baba yake Rama, alimpa Kaikeyi hajawahi kuisikia, wala miaka 14 ya uhamishoni. Katuni imemwonyesha vita, imeacha sababu.

La pili ni la shule. Mwenzake kamwambia, "Nyie si mnaabudu nyani." Na siku hizo hizo kwenye kipindi cha Kiswahili ikaja methali ya "Baniani mbaya, kiatu chake dawa", darasa zima likageuka kumtazama. Akarudi akaniuliza, "Mama, Baniani ni sisi?" Nikasema ndiyo, kisha nikaingia jikoni nikajifanya naangalia sufuria.

Mume wangu anasema tuwaache, wakikua watajua wenyewe. Mimi aarti naijua kwa ghibu tangu utoto, lakini nusu ya maneno sijui maana yake. Ba hakuandika kitu. Je, kishikwambi nikifiche? Hadithi nisimulie kwa Kigujarati ili lugha isipotee, au kwa Kiswahili? Na hilo la nyani namjibuje mtoto?

---

Parklands_Mama

Pole sana kwa msiba, dada. Mama mkwe wa namna hiyo ni nguzo ya nyumba.

Kishikwambi usikifiche. Mwaka 1987 tamthilia ya Ramayan ilipoanza kurushwa na Doordarshan, runinga ya taifa kule India, kila Jumapili asubuhi, watu walikuwa wanaoga kwanza, wengine wanaivisha runinga shada la maua na kuifukizia ubani, barabara zinabaki tupu. Sisi Nairobi tulizipata kwa kanda za video, mjomba alikuwa anaazima. Tulivua viatu mlangoni kama tunaingia hekaluni. Watu kumi na wawili mbele ya kioo kimoja, na bibi mzaa mama ndiye aliyeshika rimoti. Kila baada ya dakika chache anasimamisha kanda: "Mmeona Kaikeyi alivyogeuka? Ni nani amemtia maneno? Manthara, mtumishi wake." Akiridhika tumeelewa, anaendelea. Kanda ya saa moja ilichukua saa mbili.

Hivyo ndivyo ninavyofanya na wangu sasa. Mara moja kwa wiki tunaangalia pamoja, na kusimamisha ni kazi yangu. Siku nyingine nazima kabla haijaisha, nawaambia iliyobaki nitaisimulia kitandani. Wanalalamika, lakini wanakuja kitandani mapema.

Mueleze pia kijana kwamba yule mtoto Bheem wa katuni, anayekula ladu, vile vitamu vya duara, akapata nguvu, ni wa kubuni, ametungwa 2008. Bhima wa Mahabharata, ule utenzi wetu mwingine mkubwa, ni mtu mwingine kabisa. Wangu alibishana nami siku mbili juu ya hilo, na katika kubishana akaijua Mahabharata.

Halafu wape kazi ya mikono. Janmashtami, sikukuu ya kuzaliwa Krishna, ikifika, mdogo wa miaka 5 ndiye abembeze susu la Krishna mchanga saa sita ya usiku. Mwache akeshe siku hiyo moja.

---

Chui_wa_Pwani

Mimi naona mumeo yuko sahihi. Mtoto akue kwanza, achague mwenyewe.

Mama_wa_Upanga

Ahsante kaka. Lakini atachagua kati ya vitu anavyovijua. Nisipompa hiki, atakuwa amechaguliwa na kishikwambi.

---

Kijana_wa_Mwanza

Dada, nakuandikia kama mtoto aliyelazimishwa. Nilikaririshwa beti zote 40 za Hanuman Chalisa, utenzi wa kumsifu Hanuman, nikiwa na miaka 9, kwa Kiawadhi, lugha ambayo hata baba yangu haongei. Nikikosea narudia mwanzo. Nilipofika miaka 15 niliacha kabisa, nikawa naona aibu hata kupakwa chandlo, ile alama ya ibada, kwenye paji la uso.

Kilichonirudisha ni maswali. Nilimuuliza mzee mmoja wa hekaluni kwa nini Rama, akiwa amejificha nyuma ya mti, alimpiga mshale Vali, mfalme wa nyani. Nilitegemea anifukuze. Akavuta kiti, akasema watu wamebishana juu ya hilo tangu enzi, akanipa hoja za pande zote mbili mpaka chai ikapoa. Siku ile nikajua kumbe hii dini ina nafasi ya mtu kama mimi.

Kwa hiyo usimfiche magumu. Anza na Shravan, yule kijana aliyewabeba wazazi wake vipofu kwa mzegazega, baba kapu hili, mama kapu lile, akiwapeleka kuhiji. Alipoinama kuchota maji mtoni gizani, Dasharatha akasikia mlio, akadhani ni mnyama anakunywa, akaachia mshale. Baba wa Shravan kabla hajafa akamwambia mfalme: nawe utakufa kwa uchungu wa mwanao. Hapo ndipo uhamisho wa Rama unapoanzia. Mtoto wa miaka 8 anaweza kulielewa hilo, na ataliwaza usiku. Mishale ya rangi haitamtosha tena.

Kuhusu nyani, mimi nilipoambiwa hivyo shuleni nilipigana, na haikunisaidia kitu. Siku hizi ningesimulia ile ya mkufu. Baada ya vita Hanuman akapewa mkufu wa lulu. Akaanza kuzitafuna moja moja na kuzitupa. Watu wakacheka, wakasema nyani ni nyani tu, atajuaje thamani ya lulu. Akajibu, natafuta kama ndani yake yumo Rama, asipokuwamo za nini? Wakamuuliza, na ndani yako yumo? Akapasua kifua chake kwa kucha, na humo wakaonekana Rama na mkewe Sita. Ona kwamba maneno ya yule mtoto darasani yamo ndani ya hadithi tangu zamani. Waliomcheka Hanuman walikuwepo, na jibu lipo.

---

Mwalimu_Dodoma

Mimi ni Mlutheri, ya hekaluni siyajui, nizungumzie ya darasani tu.

Mama, nenda shule ukaongee na mwalimu wa Kiswahili, kwa upole, asubuhi kabla ya vipindi. Methali ile nami nimeifundisha miaka mingi, na nakiri sikuwahi kumfikiria mtoto wa Kihindu aliyekaa kwenye dawati. Haiwezi kufutwa, iko kwenye vitabu. Lakini mwalimu anaweza kuwauliza watoto: aliyeitunga alikuwa anamdharau nani, na huku anatumia kitu cha nani? Swali hilo linamwondolea mwanao macho ya darasa. Mwambie pia mwalimu siku ya tukio hasa, asidhani unalalamika kwa jumla.

---

Mzee_Chumbageni

Assalaam aleikum mwanangu. Mimi ni Muislamu wa Tanga, umri umekwenda. Ibada zenu siziingilii, ila hadithi nina la kusema.

Bibi yangu alitusimulia hadithi ya kima na papa. Kima anakula tunda juu ya mkuyu, anamtupia rafiki yake papa. Siku moja papa anamkaribisha kwao, anampakia mgongoni, wakifika kati ya bahari anamwambia sultani wetu mgonjwa, dawa yake ni moyo wa kima. Kima anasema, ungeniambia mapema, sisi mioyo yetu tunaiacha juu ya miti! Sasa dukani kwa jirani yetu Baniani nilimkuta mama yake akiwasimulia wajukuu hadithi hiyo hiyo, ila kwake ni mamba, na mti ni mzambarau, na anayeutaka moyo ni mke wa mamba. Nikasimama mlangoni na kibaba changu cha sukari mpaka ikaisha.

Baadaye ukubwani nikasoma kwamba hadithi hii imo katika Panchatantra ya Kihindi, na kwamba mkusanyo ule ulifasiriwa kwa Kiajemi, kisha katika karne ya 8 kwa Kiarabu kwa jina la Kalila na Dimna. Nani aliileta pwani, mabaharia wa Kiarabu au wa Kihindi, mimi sitagombana na mtu. Ninachokuambia ni kuwa hadithi za kwenu Kiswahili kinazijua siku nyingi. Usione haya kuzisimulia kwa Kiswahili. Anza na paukwa, waitikie pakawa, halafu uingie. Kigujarati wafundishe kwa nyimbo na majina. Mtoto hulia kwa lugha anayoiota, na hadithi isiyomliza hataibeba.

---

Mama_wa_Upanga

Ndugu zangu, naleta mrejesho. Wiki tatu zimepita.

Shuleni nilikwenda. Mwalimu alinisikiliza, akaniomba radhi, na juzi kijana amerudi kusema wamejadili methali hiyo upya. Ya mkufu nilimsimulia. Sijui kama amemsimulia mwenzake, sikumuuliza, lakini nimemsikia akimsimulia mdogo wake bafuni.

Jioni niliyorudi mapema nilitoa ungo wa Ba kabatini. Sikuwaita. Niliwasha divo, nikakaa pale pale alipokuwa anakaa, nikaanza kuchambua. Mchele wenyewe wa paketi, hauna hata chuya. Wa kike akaja kwanza. Nikasema paukwa, akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Nikamfundisha kuitikia.

Nilichagua Sudama, rafiki wa Krishna, kwa sababu Porbandar ndiko kwao, lipo hadi leo hekalu lake mjini pale, na babu wa baba yao alitokea huko. Nikawaambia, mtu huyu ni wa mji wetu. Maskini, watoto wana njaa, mkewe anamwambia nenda kwa Krishna, rafiki yako mliyesoma naye, sasa ni mfalme katika mji wa Dwarka. Kama kilomita 100, kwa miguu. Na zawadi aliyokuwa nayo ni kafumba ka pauva kwenye kitambaa kilichochakaa. Pauva nikashindwa kuisema kwa Kiswahili. Dada wa kazi, mwenyeji wa Rufiji, akadakia kutoka jikoni: "Si pepeta hiyo, mama?" Ndiyo. Ni pepeta. Mchele uliopondwa. Kumbe Sudama alimpelekea Krishna pepeta, na mimi miaka yote hiyo sikuwa na neno lake.

Kijana alikuwa kwenye kochi na kishikwambi. Nilipofika pale Sudama anaficha kifurushi chini ya kwapa kwa aibu, na Krishna anakivuta na kukila kwa furaha, sauti ya kishikwambi ikawa imezimwa. Nikawaambia Sudama aliondoka bila kuomba kitu, akarudi akakuta kibanda chake kimekuwa jumba. Akauliza kutoka kochini: "Kwa nini hakuomba? Alikwenda kuomba." Nikamwambia sijui. Ba angejua. Akasema, "Labda alisahau kwa kufurahi."

Jumamosi dada alituletea pepeta kutoka sokoni. Kabla ya aarti kijana akachukua kidogo, akakifunga kwenye leso yake ya shule, akakiweka mbele ya Krishna bila kufungua. Mdogo wake akataka kuifungua, akamzuia mkono: "Mwache, ataivuta mwenyewe." Aarti nzima macho yake yalikuwa kwenye ile leso.

Kishikwambi bado kipo, siku ya Jumapili na mimi nikiwa pembeni. Maana ya maneno ya aarti nimeanza kujifunza, mstari mmoja kwa wiki, tunauliza hekaluni mimi na yeye.

Swali dogo kwa wenyeji wa Rufiji na Tanga: pepeta iliyobaki naihifadhije? Nataka ifike Janmashtami.

---

Mzee_Chumbageni

Ianike juani siku moja, ipoe kabisa, kisha itie kwenye chupa yenye mfuniko mkavu. Wadudu wasiione. Na umsalimie huyo kijana, mwambie babu wa Tanga anasubiri kusikia kama leso ilifunguliwa.