Kangaruu kamaliza gari langu, bima wamenigeuka. Mnaoletwa kufanya kazi mikoani Australia, mbona hamwambiwi?

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu na nauandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Nimejipa wiki tatu nitulie kwanza ndipo niandike. Sijatulia.

Mimi ni dada yenu, Mtanzania, mhudumu wa wazee, nipo jimbo la New South Wales upande wa Wagga Wagga. Viza yangu inanitaka niishi na nifanye kazi mikoani, mbali na miji mikubwa kama Sydney na Melbourne. Nyumba ya wazee ninayofanyia kazi ipo kilomita 58 kutoka ninapolala. Basi hakuna. Treni ya saa hizo hakuna. Unaendesha mwenyewe, la sivyo huna kazi.

Mwanzoni mwa Juni, huku ndiyo baridi inaingia, nilikuwa na shifti ya saa moja kamili asubuhi. Nikatoka nyumbani saa kumi na mbili na dakika tano. Giza totoro, maana msimu huu jua linachomoza saa moja na robo hivi. Barabara inaruhusu mwendo wa 100, mimi nilikuwa 95. Lori likaja mbele yangu, nikashusha taa kama inavyotakiwa. Likapita. Kabla mkono haujarudisha full, yupo.

Nimekulia Morogoro, mbuzi na ng'ombe barabarani nawajua. Mbuzi utamwona anatoka pembeni, anasita, anakuangalia, ndipo anakimbia. Huyu alitua. Sekunde moja barabara nyeupe haina kitu, sekunde ya pili ana miguu miwili chini na kifua kiko usawa wa boneti. Nilikanyaga breki mpaka kiti kikanisukuma. Mlio wake haukuwa wa chuma. Ulikuwa kama gunia la mahindi limeangushwa kutoka juu ya fuso.

Boneti ilikunjika kama karatasi. Taa ya kushoto ilikufa, rejeta ikapasuka, mvuke ukatoka na ile harufu tamu ya maji ya rejeta, kioo cha mbele kikawa na ufa kutoka kona hadi kona. Manyoya ya kijivu yalikuwa yamebanwa kwenye fremu ya taa, yanapepea kwa upepo. Mpaka leo ninapofumba macho nayaona hayo manyoya kuliko hata mnyama mwenyewe.

Nilikaa ndani ya gari natetemeka. Mtandao wa simu pale ni wa kubahatisha. Baada ya kama robo saa akaja mzee mmoja mkulima na pikapu yake, akasimama, akaniuliza kama nimeumia, halafu akaenda moja kwa moja kwa yule kangaruu aliyelala kwenye majani. Akamgeuza kwa mguu taratibu, akainama na tochi. Nikamsikia ananiita. Ngozi ya tumbo ilikuwa inacheza. Mama alishakufa, mtoto yuko mfukoni anarusha miguu.

Mzee akanieleza kwamba mtoto akiwa mdogo sana anakuwa ameshikilia chuchu, hutakiwi kumvuta, utamuumiza mdomo. Huyu alikuwa ameshaota manyoya na ameachia, kwa hiyo akamtoa, akaniambia nifungue zipu ya koti nimweke kifuani apate joto. Basi mimi na sare yangu ya kazi, alfajiri, nimesimama pembeni mwa barabara nimekumbatia mtoto wa mnyama niliyemuua mama yake, moyo wake unadunda kwenye mbavu zangu. Akaja mama wa kujitolea wa kuokoa wanyama pori na foronya, akamfunga humo, akaondoka naye. Kabla hajaondoka alimpulizia yule mama kangaruu msalaba wa rangi mgongoni, alama ya kwamba mfuko umeshakaguliwa, asije mwingine akasimama bure. Nilikuwa naiona misalaba hiyo kwenye mizoga njia nzima tangu nifike, sijui maana yake. Hakuna aliyewahi kuniambia. Na hapo ndipo inapoanza hasira yangu.

Wakala aliyenitafutia hii kazi aliniuliza nina leseni? Ninayo. Utapata gari? Nitapata. Akaishia hapo. Mwajiri wangu aliniweka siku mbili nzima kwenye mafunzo: namna ya kumwinua mzee bila kuumia mgongo, kunawa mikono, moto ukitokea utoke mlango gani. Siku mbili! Hakuna hata dakika tano za kuniambia kwamba alfajiri na jioni ndipo hawa wanyama wanatoka kula, kwamba majira ya baridi saa zao za kula na saa zetu za kwenda na kutoka kazini zinagongana, na kwamba kipindi cha ukame wanasogea barabarani kwa sababu maji yanayotiririka kutoka kwenye lami yanaotesha majani mabichi pembezoni wakati mashamba yote yamekauka. Wenyeji wote wanayajua haya. Wenzangu kazini waliponiona wakanionyesha picha za magari yao, kila mtu na lake. Nikawauliza, sasa mbona hamkuniambia? Wakasema walidhani najua. Ningejulia wapi?

Na huyu niliyemgonga ni jike. Dume la kangaruu wa kijivu linafika kilo 60 na zaidi, jekundu la kule bara ndani linapita 80 na likisimama linakuzidi urefu. Hapo tunazungumzia kumgonga mtu mzima anayeruka.

Sasa njooni kwenye bima.

Huku ukilipia usajili wa gari kuna bima ya lazima, inahusu watu wakiumia. Gari lako haliingii humo. Nilijua hilo, nikaenda kununua nyingine. Niliwapigia kampuni fulani (jina nalihifadhi), nikaeleza hali yangu yote: naendesha mikoani, kilomita zaidi ya 100 kwa siku, alfajiri na usiku. Nikauliza kwa maneno haya haya: nikipata ajali mtanilipa? Aliyepokea simu akajibu ndiyo, ajali zimo. Nikachukua ile bima ndogo kwa sababu ndiyo aliyonipendekezea kwa "gari la thamani kama lako".

Siku ya ajali napiga simu, naulizwa gari lingine lilikuwa namba gani. Nikasema hakuna gari lingine, ni kangaruu. Kimya. Halafu: samahani, bima yako inalipa mali ya mtu mwingine uliyoiharibu. Kangaruu si mali ya mtu. Hana mwenyewe, hana namba, hakuna wa kumdai. Ungekuwa na bima kubwa ungelipwa.

Nikamwuliza, niliponunua niliwaambia naendesha wapi na saa ngapi, kwa nini hamkunieleza? Akaniambia yamo kwenye kitabu cha masharti. Wakuu, nimekisoma hicho kitabu chote sasa. Kweli yamo. Lakini mtu akikuuliza mdomoni umjibu mdomoni! Tofauti ya bima ndogo na kubwa kwangu ilikuwa dola 40 na kidogo kwa mwezi. Ningelipa na macho yangu mawili. Badala yake nimelipa dola 480 za gari la kuvuta, na Corolla yangu niliyoinunua dola 6,500 kwa kudunduliza miezi saba imeuzwa chuma chakavu. Shifti nne nilikosa kwa sababu sina usafiri, na shifti usiyofanya hailipwi.

Kuna jambo la barabara yenyewe pia na hili wengi hawataki kulisema. Kwa mwendo wa 100, lami kavu, mpaka gari lisimame kabisa unahitaji karibu mita 100 ukijumlisha na muda wa kushtuka. Taa ukiwa umezishusha zinakuonyesha kama mita 50 hivi. Piga hesabu mwenyewe. Ukimwona umeshamgonga. Kwenye barabara yangu kuna kibao cha njano chenye kangaruu mweusi kimeandikwa kilomita 20 zijazo, na hatua chache mbele yake kuna kibao cha 100. Kwetu barabara ya Morogoro kwenda Iringa inapita katikati ya hifadhi ya Mikumi, sote tunaijua: matuta, vibao vya kupunguza mwendo, na faini ya kila mnyama imeandikwa, ukigonga unalipa. Tunalalamikia yale matuta, lakini yanakulazimisha kupunguza. Hata humu humu Australia, Tasmania kuna barabara zenye vibao vinavyoshauri mwendo wa 65 tangu magharibi hadi alfajiri. Kwa hiyo inawezekana. Huku New South Wales wameamua tu kila mtu ajibebee.

Na msiniambie nunua gari la kisasa lenye kompyuta. Mwaka 2017 Volvo wenyewe walikiri kwamba mfumo wao wa kutambua wanyama wakubwa unachanganywa na kangaruu. Walikuwa wameujaribu Sweden kwa wanyama wanaotembea kwa miguu minne, na unapima umbali kwa kuangalia ardhi. Kangaruu akiwa hewani kompyuta inaona yuko mbali, akitua inaona yuko karibu.

Ninachotaka kutoka kwa mwajiri nimekiandika kwenye barua pepe mara tatu: nianzishiwe shifti saa tatu asubuhi kwa miezi hii ya baridi, au nipewe kitanda pale pale ninapokuwa na shifti za mfululizo. Vyumba vitupu wanavyo, mimi mwenyewe nimevifanyia usafi. Na somo hili waliingize kwenye mafunzo ya wageni, kwa sababu nusu ya zamu yetu sasa ni watu waliotoka Kenya, Nepal, Ufilipino, India na Kongo, hakuna hata mmoja aliyekulia na kangaruu.

Kwa ndugu zetu mnaotengeneza video za "maisha Australia", nanyi nina neno. Mnawaonyesha watu kangaruu kama pambo. Mnapiga naye picha kwenye zuu, mnamlisha. Kuna Mrundi wa Mildura tunayefahamiana kanisani, alimkwepa mmoja usiku, akakata usukani, gari likaenda kwenye mti. Amekaa hospitali miezi miwili. Hakuna aliyemwambia kwamba hukwepi: unashika usukani wima, unakanyaga breki, unamgonga ikibidi. Inauma kusema hivyo, na mimi nimeshamshika yule mtoto kifuani, lakini kuna wanaokufa kwa mti. Hilo lisemeni kwenye video zenu.

NYONGEZA: Naona maswali yamekuwa mengi.

Aliyeuliza kuhusu vile vifaa vya sauti vya kubandika kwenye bampa vya kufukuza kangaruu: usitupe hela. Chuo Kikuu cha Melbourne walikifanyia utafiti kimoja kinachouzwa sana, wanyama hawakubadilisha lolote. Ngao ya chuma mbele inasaidia gari libaki na rejeta ufike nyumbani, haimzuii mnyama. Na ukimwona mmoja amevuka salama usiongeze mwendo, wanatembea kwa kundi, mara nyingi wa pili na wa tatu wako nyuma yake.

Anayekodi gari kwenda bara ndani asome mkataba kabla hajasaini. Kampuni nyingi haziruhusu kuendesha nje ya mji usiku, ukigonga kiza kimeingia gharama zote zako.

Aliyeuliza kuhusu mtoto: yupo hai, ananyonyeshwa kwa chupa. Yule mama alinitumia picha.

Aliyesema "si urudi nyumbani kama umechoka": kaka, nina mkopo wa nauli na wadogo wawili shuleni, siwezi kukujibu zaidi ya hapo.

Mwajiri hajajibu barua pepe hata moja. Kesho nina saa moja asubuhi tena, gari nimeazima kwa Mkenya tunayefanya naye kazi. Bima yake ni kubwa, nimeuliza mwenyewe na nimeiona kwa macho yangu. Nitatoka saa kumi na moja na nusu, niende na 70.