Chaki ya drili haishiki biti ndogo: nibadilishe chaki, ninunue kishikio, au drili nyingine?

Sanduku_Mwenge
Wakuu habari za leo. Nina drili ya betri, ile ya kubana chaki (mdomo wa drili unaoshika biti ya kutobolea) kwa mkono bila ufunguo. Biti kubwa inazishika vizuri, lakini nikiweka ndogo chaki inazunguka yenyewe na biti imesimama ndani ya tundu. Jana imenifanyia hivyo mara nne kwenye kazi moja. Nawaza ninunue drili yenye chaki ya ufunguo, au nibadilishe chaki peke yake, au nichukue kile kishikio kidogo cha biti chenye mkia wa pembe sita. Ipi inafaa? Mzigo wa mteja unatakiwa Jumamosi.

FundiKeko
Mkuu, hapo hujatueleza kitu. Chaki ya ngapi? Biti "ndogo" ni milimita ngapi? Kuna mtu 3 kwake ni ndogo. Unatoboa chuma au mbao? Una shilingi ngapi?

UmemeTabata
Soma ubavuni mwa chaki, imeandikwa. Chaki nyingi za milimita 13 zina 1.5–13. Yaani chini ya 1.5 hata aliyeitengeneza hajakuahidi. Za 10 nyingi zinaanzia 0.8. Watu wanakimbilia drili yenye chaki kubwa wakidhani ndiyo bora kwa kila kazi.

Sanduku_Mwenge
Samahani wakuu. Ni kweli imeandikwa 1.5–13. Biti zangu ni 1 na 1.2. Natengeneza masanduku madogo ya mpingo na mninga ya kuwekea hereni, na matundu ni ya skrubu za bawaba za shaba ya njano. Masanduku 24, kila moja bawaba mbili, kila bawaba skrubu nne. Hesabu matundu. Bajeti haivuki 120,000.

FundiKeko
Matundu 192. Sasa tunaongea.

Kabla hujatoa hela, toa betri, funga chaki mpaka mwisho bila biti, halafu ichungulie kwenye mwanga. Meno matatu yanatakiwa yakutane ncha kwa ncha. Ukiona kitundu katikati, au jino moja limetangulia wenzake, hapo ndipo biti ya 1 inapoponyoka. Mara nyingi ni vumbi la mbao lililogandana na mafuta nyuma ya meno. Fungua mpaka mwisho, igeuze iangalie chini, gonga taratibu, piga brashi. Usimimine oili, inakamata vumbi upya.

Pili, biti nyembamba inapenda kukaa kati ya meno mawili badala ya matatu. Unabana, unahisi imeshika, kumbe iko pembeni. Ishike katikati kwa vidole huku unafunga polepole kwa mkono. Ile tabia ya kushika chaki na kubonyeza swichi ili ijifunge yenyewe iache kabisa kwa biti ndogo.

Mzee_wa_Gerezani
Chaki ya ufunguo, vijana. Chaki ya namna hiyo ina zaidi ya miaka mia moja, Arthur Jacobs wa Marekani aliipatia hataza mwaka 1902, na mpaka leo hakuna mkono wa mtu unaobana kama ufunguo wenye meno.

UmemeTabata
Shikamoo mzee, lakini ufunguo hauongezi kitu kama meno yenyewe hayafiki katikati. Kuna chaki za ufunguo za 13 ambazo nazo zinaanzia 1.5, nyingine 2.

Mzee_wa_Gerezani
Marahaba. Hilo sikatai, achague ya 10. Ila asibadilishe mwenyewe kama hajui, na sababu ninayo.

Mwaka juzi nilinunua chaki mpya duka moja Kariakoo, muuzaji akasema inaingia drili zote. Nikafika nyumbani, nikafungua meno, chini kabisa nikaona kichwa cha skrubu. Nikazungusha kushoto kama skrubu zote za dunia. Haitoki. Nikaegemea kwa uzito wote, bisibisi ikaruka, kile kichwa kikakwanguka kikawa kama kisahani. Kumbe skrubu ile ina nyuzi za kinyume, unaifungua kwa kuzungusha kulia! Ikabidi niitoboe yote. Chaki yenyewe sasa ikagoma, nikabana elenki nene (ule ufunguo wa pembe sita uliopinda) kwenye meno nikaipiga nyundo. Ikatoka, lakini tangu siku ile gia zinalia ndani. Naleta chaki mpya, haiingii. Mhimili wa drili yangu ulikuwa wa nusu inchi, nyuzi 20 kwa kila inchi, chaki niliyouziwa ni ya 3/8 nyuzi 24. Narudi dukani, naambiwa kilichofunguliwa hakirudi. Drili ile mpaka leo iko chini ya meza na chaki yake mpya pembeni, na iliuma sana kwa sababu ilikuwa drili ya kwanza niliyonunua kwa hela ya kazi yangu.

FundiKeko
Pole sana mzee. Elenki inagongwa kwa nyundo ya mpira, pigo moja fupi, kuelekea kushoto.

Mzee_wa_Gerezani
Nyundo ya mpira nilikuwa sina.

DadaVifuu
Kaka, mimi natoboa hereni za vifuu kila siku kwa biti ya 0.8 na 1. Kishikio cha mkia wa pembe sita ndicho kinanilisha. Ndani kina vibanio vyembamba vilivyopasuliwa, unachagua kinacholingana na biti, unakaza kwa kofia yake. Chaki yako kubwa inashika ule mkia tu, na pembe sita kwa meno matatu hauponyoki. Bei yake haifiki hata robo ya bajeti yako. Shida ni moja: vingine vimechongwa vibaya, vinayumba. Nenda na drili yako dukani, kifunge, zungusha mbele ya muuzaji. Ncha ikichora duara hewani, mrudishie.

UmemeTabata
Au mashine ndogo kama Dremel. Vibanio vyake vinaanzia 0.8.

DadaVifuu
Kwenye mpingo? Mashine hizo hata mwendo wa chini kabisa ni mizunguko elfu kadhaa. Usipotoa biti mara kwa mara tundu linafuka moshi na biti inapoteza makali. Ninayo, naitumia kusugulia tu.

FundiKeko
Sisi huku tunakata kichwa cha msumari mwembamba, tunaponda ncha kidogo, tunafunga kwenye drili. Kwa mninga inatosha kabisa.

Mzee_wa_Gerezani
Msumari unasukuma mbao pembeni, haukati. Kwenye mpingo karibu na ukingo utapasua sanduku la mtu. Afadhali azungushie biti waya mwembamba wa shaba ili inenepe.

FundiKeko
Waya ndio utayumbisha zaidi mzee. Na msumari nimeutumia miaka kumi na tano.

Mzee_wa_Gerezani
Kwenye mninga.

DadaVifuu
Kaka, skrubu zako ni za shaba tupu? Usizikaze moja kwa moja kwenye mpingo, zitakatika shingo na kubaki ndani. Tangulia na skrubu ya chuma ya saizi ileile, ipake sabuni ya kipande, itoe, ndipo uweke ya shaba.

Sanduku_Mwenge
Dada, zimeshanikatikia mbili, nilidhani ni skrubu mbovu. Asante sana.

Nimechungulia chaki. Vumbi jeusi la mpingo limetoka kama unga wa kahawa, na meno sasa yanakutana, ila jino moja limemeguka ncha kidogo sana. Biti ya 1.2 imeshika matundu sita, la saba ikateleza. Kesho asubuhi naenda Kariakoo na drili mkononi. Ila mzee amenifanya niitamani pia ya ufunguo, ya 10.

UmemeTabata
Vaa barakoa na hilo vumbi la mpingo, mkuu. Linawasha kifua na ngozi.

Mzee_wa_Gerezani
Ukienda nunua biti tano za kila saizi, si moja. Na vipande vya mpingo vinavyobaki unavipeleka wapi? Nahitaji vya mipini ya tupa.

Seremala_Mbagala
Wakuu, samahani kwa kuingilia. Yangu ni ile kubwa ya kutobolea zege, nimeiwekea chaki ya ufunguo kwa adapta na biti ya 2 inacheza vibaya. Ni adapta au ni chaki?

FundiKeko
Adapta ya ngapi? Umeikagua ikiwa haina chaki?