Shamba la zahanati: wosia wa Leeds unatosha?

Wapendwa, salamu kutoka Leeds. Nataka robo ekari ya shamba letu Vihiga iende kwa zahanati ya kijijini nikishafariki, na sehemu ya pesa za nyumba yangu ya huku ilipie mayatima wa kanisa karo. Wakili wa hapa anasema wosia mmoja utamaliza yote. Kweli? Na watu wa nyumbani niwaambie sasa, au wasikie kwenye matanga?

—

Dada, wosia wa Leeds unaweza kukubalika Kenya, ila shamba litafuata Sheria ya Mirathi ya Kenya popote utakapofia. Ndiyo maana wengi wetu huandika wosia mbili. Sasa angalia mistari ya kwanza ya huo wa Uingereza. Mara nyingi kuna maneno "nafuta wosia zote nilizoandika awali". Ukiutia sahihi baada ya ule wa Kenya, zahanati imekwenda na maji. Wakili aseme unafuta zile za mali ya Uingereza tu.

Mashahidi ni wawili, na wasiwe wanaopata kitu, wala wake au waume zao.

Usiandike "zahanati ya kijiji" tu. Ni ya nani? Kama ni ya umma, iko chini ya kaunti. Kama ni ya kanisa, tafuta jina la wadhamini waliosajiliwa. Taja pia mpokeaji wa pili, maana zahanati hufungwa. Tena, ardhi ya kilimo ikikatwa kupata hati mbili, bodi ya ardhi lazima iidhinishe.

Kodi: kama mali yako haizidi pauni 325,000, usijisumbue. Ikizidi, zawadi kwa shirika la hisani la Uingereza haitozwi kodi ya mirathi, na ukitoa asilimia 10 au zaidi, kiwango kwa kilichobaki hushuka kutoka asilimia 40 hadi 36. Kanisa la kijijini lenyewe halihesabiki hapo, kwa hivyo tafuta shirika la huku linalofanya kazi kwetu.

Familia waambie sasa, tena mbele ya wazee. Ami yangu aliachia shule kipande bila kumwambia mtu, na nguzo za ua ziling'olewa usiku hata kabla ya arobaini. Kipande chenyewe kiwe mbali na makaburi, la sivyo hakuna atakayekubali. Na ukiwasahau wanaokutegemea, mahakama inaweza kuwakatia fungu hata wosia ukisema vingine.

—

Niko Kisumu. Dada, kabla ya hayo yote, tuma mtu ofisi ya ardhi aulize hati iko kwa jina la nani. Huwezi kurithisha ambacho bado si chako.

—

Nimempigia kaka. Iko kwa jina la babu, na mirathi yake haijawahi kufanywa. Nani anajua wakili mzuri Kakamega?